Kutoka Pangani hadi Amani: Historia ya Bakteria na Virusi

Mwaka 1869 kipindupindu kilitoka Umasaini kwa njia za misafara, kikaingia Pangani, kisha kikavuka bahari hadi Unguja na kuua maelfu. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu Unguja, aliisimulia safari hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1876. Njia ya ugonjwa aliijua. Kilichosafiri katika njia hiyo hakukijua.

Jibu lilikuja mwaka 1884, Robert Koch alipokitambua kijidudu cha kipindupindu huko India. Kilikuwa bakteria: kiumbe kamili chenye seli moja, kinachojilisha, kukua na kujigawa chenyewe, hata nje ya mwili wa mtu. Kwa hadubini ya kawaida huonekana. Mwaka 1905, akiwa katika koloni la Wajerumani Afrika Mashariki, Koch alionyesha kwamba homa ya papasi nayo huletwa na bakteria, wanaobebwa na papasi waliojificha kwenye sakafu za udongo za vibanda vya njia za misafara.

Lakini Usambara, katika koloni hilo hilo, ilikuwa na fumbo jingine. Mwaka 1894 Mjerumani Warburg alieleza ugonjwa wa mihogo unaokunja majani na kuyatia mabaka, ambao wakulima leo huuita batobato. Chanzo chake hakikuonekana. Miaka miwili kabla, Ivanovsky wa Urusi alikuwa amechuja utomvu wa tumbaku yenye ugonjwa kama huo kwa chujio linalozuia bakteria, na bado utomvu ukaambukiza. Mwaka 1898 Mholanzi Beijerinck alikiita kisababishi hicho virusi.

Kirusi, yaani virusi kimoja, si seli. Ni uzi wa vinasaba uliofunikwa na protini, mdogo mno kuliko bakteria, usioweza kuzaliana mpaka uingie katika seli hai na kuitumikisha.

Kituo cha utafiti cha Amani, huko Usambara, kilichoanzishwa mwaka 1902, ndicho kilicholishika fumbo hilo la mihogo. Mwaka 1936 mtafiti wake H. H. Storey alieleza ugonjwa wa pili wa mihogo, michirizi ya kahawia. Dawa ya kuponya mmea ulioambukizwa haikuwapo, kwa hiyo watafiti wa Amani waliuchanganya muhogo na jamaa zake, ukiwemo mpira wa Ceará, ili wapate mbegu zinazostahimili. Mbegu za Amani zilifika Nigeria katika miaka ya 1950, na uzao wake ukawa msingi wa aina bora zilizosambazwa Afrika.

Kwa binadamu mambo ni hayo hayo. Homa ya papasi huponywa kwa antibayotiki, kwa sababu dawa hizo hushambulia mitambo ya seli ya bakteria. Kirusi hakina mitambo hiyo. Ndui, ugonjwa wa virusi, ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980 kwa nguvu ya chanjo. Kwa hiyo, msomaji, usikimbilie duka la dawa kununua antibayotiki kwa kila mafua: hazikuponyi, na bakteria waliomo mwilini mwako hujifunza kuzishinda.