Hati na Mashine: Historia Fupi ya Kibodi ya Kiarabu

Tangu mashine za kuandikia zilipoenea mwishoni mwa karne ya 19, swali moja limezikabili lugha zote zinazotumia hati za Kiarabu: je, hati ibadilike ili iifae mashine, au mashine ibadilike ili iifae hati?

Ugumu wenyewe watokana na maumbile ya hati. Herufi ni 28, lakini nyingi zina sura nne: ya pekee, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho. Sita tu, yaani alifu, dali, dhali, ra, zai na wau, hazishikani na herufi inayofuata. Mpiga chapa wa vitabu aliweza kuwa na masanduku yenye mamia ya vipande vya risasi. Mashine yenye vitufe visivyofika hamsini haikuweza. Mwaka 1899, Selim Haddad, msanii mzaliwa wa Sham aliyeishi Misri, alipata Marekani hataza ya mashine ya kuandikia Kiarabu. Njia iliyozoeleka baadaye ilikuwa kuzipunguza sura nne ziwe mbili: fupi kwa mwanzo na katikati, ndefu kwa mwisho na pekee. Mwandishi ndiye aliyechagua sura kwa kidole chake.

Wengine waliona kwamba kosa liko kwenye hati. Uturuki iliiacha mwaka 1928, ikachukua herufi za Kilatini. Katika miaka ya 1940, Abd al-Aziz Fahmi alipendekeza jambo hilohilo mbele ya Chuo cha Lugha ya Kiarabu cha Cairo, akapingwa vikali. Nasri Khattar, msanifu majengo wa Lebanoni, alibuni herufi zenye sura moja moja zisizoshikana. Mapendekezo hayo hayakushinda, kwa kuwa hati hiyo imebeba Kurani na urithi wa karne nyingi.

Kompyuta ndiyo iliyolitatua fumbo. Katika msimbo wa ISO 8859-6 wa mwaka 1987, na baadaye katika Unicode, kila herufi ina namba moja tu. Programu yenyewe huchagua sura kwa kutazama jirani zake. Hivyo mzigo ulihama kutoka kidoleni kwenda kwenye mashine.

Hata hivyo, mpangilio wa vitufe ulibaki na alama za zamani. Katika kibodi ya kawaida ya Kiarabu, herufi zinazofanana kwa sura zimewekwa pamoja: swadi na dhwadi, sini na shini, aini na ghaini. Jambo hilo humsaidia anayetafuta kwa macho, si anayeandika bila kutazama. Alifu na lamu, ambazo hutumika kuliko zote, ziko katikati ya mstari wa kati, mahali ambapo kidole cha shahada hulazimika kujinyoosha, ilhali shini isiyotumika sana imepewa nafasi ya kudumu ya kidole kidogo. Lamu-alifu ina kitufe chake pekee, ingawa kompyuta yaweza kuiunganisha bila msaada. Kwamba yawezekana kupanga upya kwa kuhesabu marudio ya herufi, Waturuki walikwisha kuonyesha mwaka 1955 kwa kibodi yao ya F. Kinachozuia ni mazoea: vidole vilivyofundwa havipendi kufundwa tena.

Jambo hili lawahusu pia wanafunzi wa Kiswahili. Katika karne ya 19 barua za Kiswahili ziliandikwa kwa hati hizo, si pwani tu, bali hata mashariki ya Kongo. Anayetaka kuzinakili leo katika kompyuta atakuta kibodi hiyo ya kawaida haina herufi za p, ch, v wala g, wakati Unicode inazo. Mashine basi imekwisha kuitii hati. Iliyobaki ni kazi ya wanaoijua lugha: kuhesabu herufi zake, kisha kuvipanga vitufe.