Kebo mbili, swichi mbili: kwa nini moja inalala?

Tuseme uko Suji, juu kule milimani Same, kwenye shule yenye maabara ya kompyuta. Swichi ya ofisini na ya maabara zimeunganishwa kwa kebo moja ya gigabiti 1 kwa sekunde, na mtandao unasuasua. Unachomeka kebo ya pili. Hakuna kinachobadilika! Jibu liko kwenye historia.

Swichi mbili zikiunganishwa kwa njia mbili, hutokea kitanzi: ujumbe unaotumwa kwa mashine zote huzunguka bila kikomo mpaka mtandao unakwama. Mwaka 1985 Radia Perlman, mhandisi wa Digital Equipment Corporation huko Marekani, alitoa dawa yake, itifaki ya STP. Yenyewe huacha njia moja wazi na kuifunga nyingine mpaka ile ya kwanza ikatike. Kwa hiyo kebo yako ya pili si mbovu. Imezuiwa makusudi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Kalpana ikaja na EtherChannel, yaani kebo kadhaa zinafungwa fungu moja na kuhesabika kama njia moja. Cisco ikainunua Kalpana mwaka 1994. Lakini swichi za kampuni tofauti hazikuwa na lugha moja hadi mwaka 2000, IEEE ilipotoa kiwango cha 802.3ad chenye itifaki ya LACP. Ndipo swichi zikaanza kusalimiana kabla ya kufunga fungu.

Matatizo mengi ya leo yanatokana na salamu hizo. Upande mmoja ukifungwa kwa mkono bila LACP, na wa pili ukitumia LACP, hawaelewani. Pande zote zikiwekwa kusubiri, fungu halifungwi: ni kama watu wawili njiani, kila mmoja anangoja aamkiwe shikamoo. Na kebo yenye waya mbovu ikishuka hadi megabiti 100, inaachwa nje ya fungu.

Hata fungu likikubali, faili moja kwa kawaida hupita kebo moja tu, ili pakiti zisifike shaghalabaghala. Ni kama mifereji miwili ya ndiva, kila mmoja na shamba lake: mashamba mawili yananufaika, lile moja halipati maji maradufu.

Basi kabla shule haijatoa hela ya swichi mpya, fungua mipangilio ya pande zote mbili uone nani anamsalimia nani.