Anti Aliniuliza Kama Seli za Tufaha Ziko Hai

Mwaka jana nililipwa kusifu seramu fulani. Kachupa kadogo, mililita 30, shilingi 4,500, na kwenye lebo wameandika ina seli shina za tufaha zilizokuzwa maabara. Nikasimama mbele ya kamera nikasema ati hizo seli zinaenda kuamsha seli za ngozi yako zenye zimelala. Nilikuwa nasoma tu karatasi niliyotumiwa. Sikujua anti yangu wa Thika huwa anaangalia video zangu. Aliagiza chupa moja, akatumia wiki mbili, kisha akanipigia simu.

"Mwanangu, hebu niambie. Hizo seli bado ziko hai, ama zilikufia njiani?"

Nilicheka. Halafu nikagundua sina jibu. Imenichukua muda kulitafuta, na nilichokipata ni historia ya zaidi ya miaka mia moja ambayo hakuna mtu alinilipa niisimulie. Nawapa bure, kwa sababu najua wengine wenu pia mlinunua.

Mwaka 1902 mtaalamu wa mimea wa Austria, Gottlieb Haberlandt, alileta wazo la kushangaza: toa seli moja kwenye jani, iweke kwenye chombo chenye chakula, na itaishi peke yake bila mmea. Alijaribu. Seli zake ziliishi wiki kadhaa, zikanenepa kidogo, lakini hata moja haikugawanyika. Alikuwa amechagua seli zilizokomaa, na homoni za mimea, zile zinazoiambia seli igawanyike, zilikuwa bado hazijajulikana. Wazo lilikuwa sawa, mwanaume akashindwa tu.

Ilibidi kungoja hadi 1934, Philip White wa Marekani alipofaulu kukuza ncha za mizizi ya nyanya ndani ya chupa bila kikomo. Mnajua ukimkata mti, pale kwenye jeraha hufura kadonge? Mwaka 1939 White, pamoja na Wafaransa wawili, Gautheret na Nobécourt, kila mtu kivyake, waliweza kukuza madonge kama hayo na kuyahamisha kutoka chupa moja hadi nyingine, yakiendelea tu kuongezeka. Walitumia tumbaku na karoti.

Sasa hapa ndipo nilipenda. Hizo seli zilikuwa zinahitaji chakula fulani ambacho wanasayansi hawakuwa wamekipata kwa kemikali zao. Walikipata wapi? Kwa nazi. Maji ya nazi ndiyo hulisha kichanga cha mnazi kabla hakijaota, kwa hivyo yamejaa vitu vya kuamsha ukuaji. Johannes van Overbeek na wenzake waliyatumia mwaka 1941. Baadaye F. C. Steward, kule Chuo Kikuu cha Cornell, akawa analisha vipande vya karoti maji hayo hayo ndani ya chupa zinazozunguka polepole. Mwaka 1958 akatangaza kwamba seli zilizobanduka kwenye vile vipande zilikuwa zimegeuka kuwa karoti nzima, na mizizi na majani. Sayansi iliyozaa seramu ya 4,500 ilinyonyeshwa dafu! Watu wa Kilifi mna haki ya kudai kitu.

Mwaka 1962 Murashige na Skoog wakaandika mapishi kamili ya chakula cha seli, chumvi gani na kiasi gani, na maabara nyingi bado zinayafuata hadi leo. Ndiyo njia iliyotuletea migomba ya tishu hapa Kenya katika miaka ya 1990, kupitia JKUAT na KARI, wakati magonjwa na wadudu walikuwa wanamaliza migomba ya wakulima. Na hapa nikamwelewa anti. Yeye ana hiyo migomba nyuma ya nyumba. Aliipokea ikiwa miche midogo ya maabara, akaizoesha jua polepole, akaiona ikizaa. Anajua seli iliyo hai hufanya nini ikifika nyumbani.

Kutoka shambani hadi usoni, njia ilipitia Japani. Kule kuna mmea unaitwa murasaki, mzizi wake una rangi ya zambarau, shikonini, iliyotiwa kwenye nguo za wakubwa zamani na kwenye dawa za kupaka za kuungua. Shida ni kwamba mzizi huchukua miaka kadhaa kukusanya rangi ya kutosha, na mmea wenyewe ulikuwa umebaki kidogo mno porini, hadi wakawa wanaagiza kutoka nje. Mamoru Tabata na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyoto walisoma jinsi ya kufanya seli za mzizi huo zitoe rangi zikiwa kwenye chupa, na mnamo 1983 kampuni ya Mitsui Petrochemical ikaanza kuizalisha kwa matangi: tangi la kwanza la kuongeza seli, la pili la kuzifanya zitoe rangi. Kanebo wakaitia kwenye rangi ya midomo. Ilikuwa mara ya kwanza kemikali kutoka seli za mmea za tangini kufika sokoni.

Angalieni vile walifanya. Walijua wanataka kemikali gani, wakaipima, na mteja angeiona kwa macho yake, kwa sababu ni zambarau. Hakuna mtu aliambiwa mdomo wake utazaliwa upya.

Neno antioksidanti lilikuja kwa barabara nyingine. Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman alidai kwamba tunazeeka kwa sababu ya radikali huru, chembe zenye njaa zinazonyakua elektroni kwa jirani na kumharibu. Jua huzizalisha kwenye ngozi, nazo huchangia kuharibu kolajeni. Mmea nao hushinda juani na hauwezi kukimbilia kivuli, kwa hivyo hujitengenezea kinga yake. Kwa hiyo watu wa vipodozi wakaona: tukuze seli hizo kwa tangi, tuvune kinga. Hilo ni wazo zuri, na mimi silipingi. Tangi halijali kiangazi, na halichuni mti. Sisi tuna mwiria, ule mti ambao magome yake yalichunwa kwa ajili ya dawa ya tezi dume ya kuuza Ulaya hadi mwaka 1995 ikabidi biashara yake iwekwe chini ya mkataba wa CITES.

Kisha ikaja 2008. Kampuni ya Uswisi, Mibelle Biochemistry, ikaleta dondoo la seli za Uttwiler Spätlauber, tufaha la kizamani linalokaa ghalani muda mrefu bila kunyauka. Watengenezaji wenyewe waliripoti jaribio la watu 20, kwamba mikunjo ya pembeni mwa macho ilipungua ndani ya wiki nne. Watu 20! Darasa langu la shule ya msingi lilikuwa na zaidi ya hao. Lakini stori ilikuwa tamu: tufaha halizeeki, na wewe pia hutazeeka. Magazeti yakaibeba, kampuni nyingine zikaiga, na miaka mingi baadaye ikanifikia mimi kwa karatasi.

Seli zikitoka tangini hupondwa kwa shinikizo kubwa hadi zipasuke, ndipo yaliyo ndani yachanganywe na krimu. Hata kama zingebaki nzima, seli ya tufaha haiwezi kuwa seli ya mtu. Kinachobaki ni mchuzi wenye antioksidanti, na maswali ya kuuliza ni yale Wajapani walianza nayo: ni kemikali gani, ni kiasi gani, na inapita ngozi ya juu ama inabaki hapo? Kwa vitamini C angalau unaweza kuona asilimia kwenye lebo. Kwa kachupa kangu nilitafuta, hakuna.

Jumapili nilimpigia anti. "Zilikufa," nikamwambia. "Zilipondwa hata kabla ya kuingia kwa chupa."

Akanyamaza kidogo. "Kwa hivyo mimi napaka supu."

Video nimeifuta, na nimemtumia 4,500 zake kwa M-Pesa kutoka kwa ile nililipwa. Wewe pia kama ulinunua kwa sababu yangu, niandikie. Anti bado anaipaka, anasema si mbaya, inalainisha. Ila sasa anaiweka jikoni, karibu na chumvi.