Kibanda cha Usukani katika Boti ya Uvuvi

Kibanda cha usukani ni sehemu ya boti inayomkinga nahodha, na mara nyingine wavuvi wenzake, dhidi ya upepo, mvua, jua na maji yanayorushwa na mawimbi. Katika boti ndogo za uvuvi, zile za urefu wa mita 5 hadi 12 hivi, sehemu hiyo ama huachwa wazi, pengine ikiwa na paa tu juu ya nguzo, ama hufungwa kwa kuta, vioo na mlango. Uamuzi huo hugusa karibu kila kitu chomboni: uzito, bei, nafasi ya kuvulia, jinsi nahodha anavyoona na kusikia, na jinsi watu watakavyotoka boti ikipinduka. Hakuna umbo lililo bora kila mahali. Boti inayopendwa Florida itamgandisha mvuvi wa Alaska, na ile ya Alaska ni mateso matupu ikiletwa Mafia.

## Historia

Kwa karne nyingi mvuvi wa chombo kidogo alifanya kazi akiwa wazi kwa jua na mvua. Kwenye Grand Banks, karibu na Newfoundland, merikebu za uvuvi kutoka Gloucester ya Marekani na Lunenburg ya Kanada zilibeba mashua ndogo za mbao zilizopangwa moja ndani ya nyingine sitahani. Zilishushwa majini zikiwa na mtu mmoja au wawili wa kutega mishipi, bila kinga yoyote zaidi ya nguo walizovaa. Ukungu ukitanda, wapo ambao hawakuiona tena merikebu yao.

Injini ndiyo iliyofungua njia ya kibanda. Chombo cha tanga huhitaji sitaha iliyo tupu ili kamba na foromali vipite. Chombo cha injini hakina haja hiyo. Katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, nusu ya kwanza ya karne ya 20, wavuvi wa nyavu za kutega walifika mwisho wa safari hiyo: walizifunga boti zao kutoka omo hadi tezi. Wavu uliingia kwa kijimlango cha ubavuni, ukivutwa na mashine, na samaki walichambuliwa ndani, karibu na jiko. Wavu haukugandia mikononi, na kazi iliendelea hata majira ya baridi kali.

Katika pwani ya Marekani mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1958 Dick Fisher alianza kuuza Boston Whaler, boti wazi ya futi 13 iliyochorwa na Ray Hunt, yenye povu gumu kati ya maganda mawili ya faiba. Mwaka 1961 jarida la Life lilimwonyesha Fisher akiwa ameketi ndani ya boti hiyo huku ikikatwa kwa msumeno katikati, kisha akaondoka na kipande chake kikiwa bado kinaelea. Picha hizo ziliwathibitishia wanunuzi kwamba boti wazi si lazima iwe boti dhaifu.

## Aina kuu

Boti wazi kabisa haina chochote juu ya kingo zake. Ngalawa, mitumbwi na boti nyingi za faiba za pwani ya Afrika Mashariki ziko katika kundi hili.

Boti ya usukani wa kati ina meza ya usukani katikati, na mara nyingi paa dogo juu ya nguzo. Mvuvi anaweza kuizunguka boti nzima bila kizuizi. Ndiyo boti ya kawaida ya Florida na Ghuba ya Meksiko.

Boti yenye chumba cha omo huficha mahali pa kulala au kuweka vitu chini ya sitaha ya mbele, lakini nahodha mwenyewe husimama nje.

Kibanda cha nusu kina paa, kioo cha mbele na kuta za pembeni, ila nyuma kimeachwa wazi. Boti za kambakoche za jimbo la Maine ndizo mfano wake maarufu.

Kibanda kilichofungwa kina kuta pande zote, mlango, waipa na kipasha joto. Huonekana sana Norwe, na katika boti za alumini za Alaska, British Columbia na jimbo la Washington.

## Baridi na jua

Sababu ya kwanza ya kufunga kibanda ni baridi. Boti inayokwenda kilomita 37 kwa saa hujitengenezea upepo wake yenyewe hata bahari ikiwa shwari. Hewa ikiwa na nyuzijoto 5, upepo huo unatosha kuifanya ngozi ihisi ubaridi wa karibu sifuri, na ngozi iliyolowa huumia zaidi. Mwili ukipoa, vidole hupoteza nguvu ya kufunga fundo au kubonyeza redio, kisha akili yenyewe huanza kukosea. Nahodha aliyekauka na mwenye joto huamua vizuri zaidi anaporudi bandarini jioni, saa ambazo uchovu umeshamwelemea.

Katika nchi za joto adui ni jua. Mwanga mkali pamoja na mwako unaorudi kutoka majini huunguza ngozi, na ni miongoni mwa visababishi vya kinyama kinachoota jichoni. Hata hivyo, dawa ya jua ni kivuli. Kuta za vioo huzuia upepo ambao ndio unaompoza mvuvi, na kibanda kisicho na kiyoyozi hugeuka tanuri adhuhuri. Paa lenye nguzo imara, lililo wazi pande zote, hutosheleza haja hiyo kwa gharama ndogo.

## Kazi ya uvuvi yenyewe

Boti ya uvuvi ni mahali pa kazi, na kibanda hakina budi kuifuata kazi hiyo. Anayepambana na samaki mkubwa kwa fimbo na mshipi hulazimika kumfuata kutoka tezi hadi omo, samaki akipita chini ya boti. Anayerusha kimia anahitaji mahali pa kusimama na kuzungusha mikono. Kwa watu hao kila ukuta ni kikwazo, na ndiyo maana usukani wa kati umeshika soko katika maji ya joto.

Mvuvi wa Maine ana kazi tofauti. Hukaribia boya la mtego wake, hulinasa kwa upondo wenye ndoana, huipitisha kamba kwenye kapi na kuizungusha kwenye mashine ya kuvutia iliyo hatua moja tu kutoka usukani. Mtego hupanda hadi ukingoni, yeye akiwa bado anaweza kugusa usukani na mkono wa gesi. Hivyo ukuta wa upande wa kulia wa kibanda mara nyingi hukatwa, na nyuma huachwa wazi ili msaidizi apange mitego sitahani. Baridi inapozidi, wengi huziba sehemu ya nyuma kwa mbao au turubai, kisha huiondoa majira ya joto yanaporudi.

Kibanda pia hukamata upepo. Anayevua huku injini imezimwa, boti ikichukuliwa na maji, ataona boti yenye kibanda kirefu ikisukumwa haraka na kugeuzwa ubavu, na chambo chake kikiinuka kutoka chini. Boti iliyo chini na wazi hutulia zaidi juu ya mwamba wa samaki.

## Kuona na kusikia

Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika 1977, zinakitaka kila chombo kiweke uangalizi wakati wote kwa macho na kwa masikio. Kibanda kilichofungwa hupunguza yote mawili. Nguzo za vioo huficha vyombo vidogo, pumzi za watu hutia ukungu kwenye kioo, na taa za skrini usiku hurudi machoni kama vivuli. Honi ya meli katika ukungu huenda isisikike juu ya ngurumo ya injini na kipasha joto. Nahodha makini hufungua dirisha au mlango penye ukungu, hufifisha skrini usiku, na hutoka nje mara kwa mara.

Kwa upande mwingine, kibanda hukinga rada, redio na ramani ya kielektroniki dhidi ya chumvi, na humwezesha nahodha kutazama mbele bila maji kumpiga usoni. Kwenye mvua kubwa, aliye nyuma ya waipa huona mbali kuliko aliyefumba macho nusu kwenye boti wazi.

## Uzito na uthabiti

Kila kilo inayowekwa juu huinua kitovu cha uzito cha boti na kuifanya ilale kwa wepesi zaidi. Kibanda kilichobuniwa pamoja na boti kimepimwa kwa ajili hiyo. Hatari kubwa iko kwenye kibanda kinachoongezwa baadaye na fundi wa mtaani juu ya boti iliyozaliwa wazi.

Katika maji ya barafu uzito huo huongezeka wenyewe. Maji yanayorushwa huganda juu ya paa, nguzo na kamba hadi chombo kinashindwa kujiinua. Tarehe 26 Januari 1955 meli za uvuvi Lorella na Roderigo za Hull, Uingereza, zilipinduka kaskazini mwa Iceland kwa namna hiyo, na watu wote 40 wakafa. Mwezi Februari 1968 ilifuata Ross Cleveland, pia ya Hull, ambayo Harry Eddom peke yake ndiye aliyepona. Zilikuwa meli kubwa zenye mabaharia wazoefu. Boti ndogo huzidiwa na barafu mapema zaidi.

Hata hivyo kibanda kisichopitisha maji kinaweza kuokoa. Boti kubwa za uokoaji za shirika la RNLI la Uingereza hujiinua zenyewe zikipinduka, na hewa iliyofungiwa kibandani huzisaidia. Sharti ni mlango uwe umefungwa. Kibanda kilichoachwa mlango wazi hujaa maji na kuzidisha balaa. Boti wazi nayo hutegemea mambo mawili: sitaha iliyo juu ya usawa wa maji yenye matundu ya kuyamwaga, na vitu vya kuelea vilivyojazwa ndani ya umbo lake.

## Hewa, moto na njia ya kutoka

Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Boti inapokwenda, hewa iliyo nyuma yake hunyonywa kuelekea mbele, hivyo kibanda kilicho wazi nyuma tu kinaweza kuuvuta moshi wa boti yenyewe. Kufungua dirisha la mbele hurekebisha mkondo huo, na kifaa cha kutambua gesi ni cha lazima kwa yeyote anayelala au kupasha joto ndani. Mvuke wa petroli na gesi ya kupikia ni mizito kuliko hewa. Hutuama chini ya sakafu hadi cheche iifikie.

Kutoka kibandani boti ikiwa imepinduka ni kugumu, hasa mlango ukiwa mmoja. Kwa sababu hiyo dirisha au tundu la paa linaloweza kumpitisha mtu mzima linahitajika. Aliye kwenye boti wazi ana hatari nyingine: kurushwa nje. Tangu tarehe 1 Aprili 2021 sheria ya Marekani inamtaka mwendeshaji wa boti ya burudani iliyo chini ya futi 26, boti ikiwa katika mwendo wa kasi, ajifunge kamba inayozima injini akianguka. Sheria hiyo haimhusu anayeendesha akiwa ndani ya kibanda kilichofungwa.

## Pwani na maziwa ya Afrika Mashariki

Mvuvi wa tanga hana nafasi ya kibanda: wakati wa kubisha, tanga na foromali huhitaji uwazi. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria hufanya kazi usiku kwenye boti za mbao zilizo wazi, kwa kuwa wavu na taa hutumia urefu wote wa chombo. Boti za uvuvi wa michezo za Malindi, Watamu na Shimoni, zinazowafuata sulisuli na jodari mbali na miamba, mara nyingi zina kibanda chenye kivuli na sehemu pana ya nyuma iliyo wazi. Katika maji haya ya joto kuta nne huongeza gharama kuliko usalama. Kusi likivuma, kinachomrudisha mvuvi nyumbani ni jaketi la kujiokolea, sitaha inayomwaga maji na uamuzi wa kutotoka bandarini.

## Kuchagua

Mnunuzi aanze na maji atakayovua, halafu kazi atakayofanya, na bajeti aiweke mwisho. Penye maji baridi na mvua za mara kwa mara, kibanda kilichofungwa chenye milango miwili au dirisha la kutokea kinastahili gharama yake. Penye joto, boti wazi yenye paa imara ndiyo chaguo sahihi. Penye misimu inayobadilika, kibanda cha nusu kinachozibika hufaa zaidi. Asiye na hakika aombe kwenda baharini na mvuvi wa eneo hilo katika siku mbaya ya kawaida, asinunue kwa kuitazama boti siku ya utulivu.