Radidi, isoradidi na maji ya Unguja

Kipindi ni neno lililochoshwa. Redioni kuna kipindi cha taarabu, shuleni kuna kipindi cha hisabati, na mwalimu wa fizikia naye hulitumia kwa muda wa wimbi kukamilisha mzunguko mmoja. Hapo halina ubaya. Shida huja tunapotaka sifa: ishara inayojirudia kwa muda uleule tuiiteje? Ukisema "ishara ya kipindi", msikilizaji anafikiria kitu cha kupita. Mimi napendelea radidi, kwa kuwa wanaisimu wanao tayari uradidi, kama katika polepole. Isiyojirudia iwe isoradidi.

Tuyapime maneno haya kwa maji. Bandarini Zanzibar kuna kipimamaji cha kupwa na kujaa ambacho rekodi zake zinaanzia 1984. Je, mchoro wake ni radidi? Sharti ni kali: uwepo muda mmoja ambao ukiusogeza mchoro mzima kwa kiasi hicho, unajilalia wenyewe kila nukta. Vilele kulingana hakutoshi.

Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, ambako kilimo hicho kilianza 1989, hupanga kazi kwa bamvua, maji yanapopwa mbali na mashamba kufikika, na wakati wa maji mafu hungoja. Bamvua hurudi baada ya siku 14 na robo tatu hivi. Radidi, basi? Lakini bamvua la Machi au Septemba kwa kawaida hulizidi la Juni, na mchoro uliosogezwa haulaliani tena.

Chukua nguvu mbili kubwa tu. Wimbi la mwezi hujirudia kila saa 12.42, la jua kila saa 12. Kila moja peke yake ni radidi kamili. Jumla yao huwa radidi pale tu uwiano wa vipindi vyao unapoandikika kwa namba mbili nzima. Kwa 12.42 tunapata 207 kwa 200, na maji yanarudia wimbo wake baada ya saa 2,484, yaani siku 103 na nusu. Sasa andika kwa usahihi zaidi, 12.4206. Uwiano unakuwa 20,701 kwa 20,000, na marudio yanasogea hadi saa 248,412: miaka 28 na ushei! Bahari ni ileile. Tumeongeza tarakimu mbili tu. Ndiyo maana nasema kipimo peke yake hakikati shauri hili. Kila namba iliyopimwa ina mwisho, kwa hiyo kila mara utapata marudio fulani, na kila ukipima vizuri zaidi yanakukimbia. Na hapo hatujagusa umbali wa mwezi unaobadilika, wala mzunguko wake wa miaka 18.6. Arthur Doodson, mtaalamu wa kupwa na kujaa, mwaka 1921 aliorodhesha karibu vijenzi 400 vya mawimbi hayo.

Tuyaite isoradidi? Moyo unakataa. Neno hilo litayatia maji ya Unguja kapu moja na kishindo cha nazi ikianguka. Mwanahisabati Harald Bohr, mdogo wake mwanafizikia Niels na mchezaji wa timu ya mpira ya Denmark katika Olimpiki ya 1908, alifungua mlango wa tatu katika miaka ya 1920: ishara ambazo haziji sawasawa kamwe, lakini hurudi karibu sana na zilipokuwa, tena na tena. Hizo ningeziita shabihi-radidi. Refu kidogo, nakiri, ila linasema kweli.

Isoradidi nimelibakizia kazi yake: mishtuko isiyojirudia. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliyotokea Sumatra ilifika hadi kwenye kipimamaji cha Zanzibar. Ili kuiona, wataalamu huondoa kwanza kupwa na kujaa kunakotabirika, kisha hutazama kinachosalia. Wengine wangekiita mabaki. Silipendi, linanuka uporo. Salio lingefaa zaidi, na kila mwenye simu analijua.