Neno la Leo: Kufikia

Msafiri akishuka stendi ya mabasi Kisumu na kuulizia hoteli ya bei nafuu, huenda akaelekezwa penye samaki na ugali, si penye kitanda. Nchini Kenya hoteli ni pa kula kwanza. Pa kulala watu husema lojing'i au gesti.

Kiswahili kina kitenzi kinachoondoa utata huo: kufikia. Fika ni kumaliza safari. Ongeza -i- ya kauli ya kutendea, nawe unapata mahali unapopokelewa. "Umefikia wapi?" huulizia kitanda na mwenyeji kwa pamoja. Tangu reli ilipofika Ziwa Victoria mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, Kisumu imekuwa ya watu wanaofikia.

Neno hilo humfaa pia mwenye mbwa, na aulize kabla ya kulipa: "Naweza kufikia hapa na mbwa wangu?" Akikubaliwa karibu na ufuo wa Dunga mjini humo, usiku amweke ndani, maana viboko hutoka ziwani kula nyasi.

Tulitumie neno hili. Linamtambua mgeni kuwa mtu aliyepokelewa, awe amelipa kiasi kidogo au kikubwa.