Musa wa Msikitini na Musa wa Kanisani

Majina ya Kiebrania yaliingia Handeni na Korogwe kwa njia mbili. Ya kwanza ilianzia Pangani. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilifuata mto Pangani, uitwao pia Ruvu, ikapita Korogwe hadi Mazinde kwa Semboja, mwana wa mfalme Kimweri wa Vuga. Pamoja na nguo na baruti ulikuja Uislamu, na ndani yake Musa, Ibrahimu, Daudi, Yusufu na Ismaili, kwa matamshi ya Kiarabu. Njia ya pili ni ya Waanglikana wa UMCA, waliofungua misheni Magila miaka ya 1860, baadaye wakafika Korogwe.

Wafasiri wa Biblia walikuta wazee wengi wa Agano la Kale wana majina Kiswahilini tayari, wakayapokea. Ndiyo maana hata Biblia ya Union ya 1952 inasema Ibrahimu, Haruni, Daudi na Sulemani. Yahya wa Agano Jipya hakubahatika: kanisani alipitia Kigiriki, akawa Yohana. Asili ya yote mawili ni Yohanani, yaani Mungu amefadhili.

Kwa Waebrania jina lilibeba mkasa. Ismaili ni Mungu asikia, kwa kuwa kilio cha Hajiri kilisikika nyikani. Isaka ni acheka, maana Sara alicheka kuambiwa atazaa uzeeni. Raheli, akikata roho, alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wangu. Yakobo hakuliridhia, akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Mzazi wa Handeni haoni ugeni hapo. Kwetu nako wapo akina Tabu, Shida, Mashaka na Sikujua, na kila jina lina siku yake. Naamini hilo limesaidia sana majina haya kukaa kwetu kama ya nyumbani.

Musa mwenyewe ana habari zaidi. Kitabu cha Kutoka kinalieleza jina lake kwa kutolewa majini, ila wataalamu wengi wanalihusisha na neno la Kimisri lenye maana ya mtoto, lile lililomo katika jina la Farao Thutmose. Basi hata Waebrania huenda waliliazima.

Musa aliyepewa jina na shehe Handeni na Musa aliyebatizwa na padri Korogwe wameitwa kwa mtu mmoja. Hao ni masomo, na wana haki ya kuitana hivyo.